Kwenu Wapi? Nchi ya Baba, Nchi ya Mama na Neno Letu Moja

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni hapa Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi wa lugha, walimu wao na wazazi. Wengi mlizuiwa na mvua, mkaniomba niiweke yote. Nimeiacha kama ilivyosemwa.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, wadogo zangu, habari za jioni. Mliotoka Mbagala na Gongo la Mboto kwa mvua hii, asanteni sana. Najua barabara ilivyokuwa.

Nianze kwa kuwauliza. Katika jiji hili, mtu akishalijua jina lako, swali la pili huwa lipi? Haulizi kazi. Haulizi watoto. Anauliza: kwenu wapi?

Na wewe uliyezaliwa Temeke, ukasoma Temeke, ukaolewa Temeke, unajibu nini? Mimi hujibu "Mbinga". Nataja mahali ambapo nimefika mara nne tu tangu nizaliwe. Na aliyeniuliza huridhika kabisa, kwa sababu hakutaka kujua ninakokaa. Alitaka kujua baba yangu alitoka wapi.

Siku moja nilijaribu kujibu vingine. Nilikuwa mbele ya dirisha la ofisi moja nikijaza fomu, nikaandika Temeke. Yule kijana akaigeuza fomu, akanirudishia na kalamu yake. "Mama, hapo ndipo unapokaa. Kwenu ni wapi?" Nikafuta, nikaandika Mbinga. Nilitoka pale nikiwa na uzito kifuani ambao sikuweza kuupa jina.

Ndugu zangu, kazi yangu ni tafsiri. Mwaka jana nililetewa barua za zamani za Kijerumani, za askari aliyekuwa akimwandikia mama yake kutoka pwani yetu hii zama za ukoloni. Karibu kila barua ina neno *Vaterland*. Nikaandika "nchi ya baba". Nikaisoma kwa sauti, ikasikika kama shauri la mirathi. Nikafuta, nikaandika "taifa". Lakini taifa tumelipata kwa Waarabu, na kwao lilikuwa kundi la watu. Halina udongo ndani yake. Nikajaribu "nchi" peke yake, ikawa kavu, haina machozi. Na yule askari, tupende tusipende, alikuwa akilia alipoandika. Neno hilo moja lilinikalisha wiki nzima.

Ndipo nikaanza kuwauliza wenzetu: nyinyi mnaiitaje?

Waroma waliita *patria*, kutokana na *pater*, baba. Wafaransa wakalirithi, wakaliita *patrie*, lakini sarufi yao ikalihesabu kuwa ni neno la kike! Wakitaka kulipamba zaidi husema *mère patrie*, yaani mama, kisha nchi ya baba, kwa pumzi moja. Wimbo wao wa taifa wa mwaka 1792 unaanza kwa kuwaita wananchi watoto wa huyo *patrie*.

Warusi wana maneno mawili. *Otechestvo* limetoka kwa baba. *Rodina* limetoka kwenye kuzaa. Vita vyao dhidi ya Wajerumani, kuanzia mwaka 1941 hadi 1945, walivipa jina linalotokana na neno la baba. Lakini walipovamiwa mwaka ule wa 1941, bango lililobandikwa lilichorwa nani? Lilichorwa mama. Mwanamke mwenye nguo nyekundu na kitambaa kichwani, mkono mmoja juu, mwingine umeshika karatasi ya kiapo, nyuma yake msitu wa singe. Na maneno: Mama Rodina anakuita. Mwaka 1967 wakasimamisha sanamu yake kule Volgograd, mita 85 ukipima mpaka ncha ya upanga.

Kwa nini baba atoe jina la vita, kisha mama ndiye atumwe kuita watoto? Nyinyi mnajua kwa nini. Kijana anaweza kumbishia baba yake. Mama akisimama mlangoni akakuita kwa jina, utakwenda wapi?

Hata karibu nasi mambo ni hayo hayo. Wimbo wa taifa wa Lesotho unaiita nchi ardhi ya baba zetu. Wanyarwanda, katika wimbo wao wa sasa, wanaiambia nchi kwamba ndiyo iliyowazaa. Na Kenya? Kenya hunigusa kuliko wote. Tuni ya wimbo wao wa taifa wa mwaka 1963 ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, na ilikuwa tuni ya mama anayembembeleza mtoto alale. Hebu fikirini, jeshi limesimama wima, bendera inapanda, mizinga iko tayari, na muziki unaopigwa ni wa mwanamke mmoja kandokando ya mto, usiku, mtoto anasumbua na yeye amechoka.

Na sisi? Sisi tuna Baba wa Taifa. Na tuna ule wimbo tuliouimba mstarini shuleni, jua likitupiga utosini: nilalapo nakuota wewe, niamkapo ni heri mama we. Nchi ni mama, mwasisi wake ni baba. Msanii wa ghani Mrisho Mpoto alipotaka kuwalilia wakubwa shida za wadogo, hakulia kwa baba wala kwa mama. Alimwita mjomba, na nchi nzima ikamwelewa, kwa sababu kwa mjomba mtoto husema asichothubutu kusema mbele ya baba.

Nawaomba sasa twende wote mjini, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Mmepita pale mara ngapi? Yule askari wa shaba, ameinama kidogo, bunduki na singe mkononi akielekea bandarini. Amesimama hapo tangu mwaka 1927. Chini yake kuna maandishi, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Ya Kiingereza aliyatunga Rudyard Kipling. Yanasema ni ukumbusho wa askari Waafrika na wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918. Kisha yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Nilimpeleka binti yangu pale akiwa na miaka kumi na miwili. Alisoma akifuata kwa kidole, neno kwa neno, hewa imejaa vumbi na honi za bajaji. Alipofika mwisho akanyanyua uso. "Mama, majina yako wapi?"

Tukazunguka. Tukatazama upande huu, tukatazama upande ule, kuna michoro ya watu waliobeba mizigo. Tukarudi tulipoanzia. Wazee wangu, hakuna hata jina moja. Hakuna! Maandishi yanaahidi jina, na jina halipo.

Akaniuliza la pili, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. "Walikuwa wanapigania nchi ipi?"

Ipi? Watu wa nchi hii walipigana pande zote mbili. Walikuwapo wa Mjerumani, walikuwapo wa Mwingereza. Wapo waliotekwa wakiwa na sare ya Mjerumani, wakavalishwa ya Mwingereza, wakarudishwa vitani kupigana na wenzao wa jana. Wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi porini, mizigo ikiwa bado kichwani. Miaka michache tu nyuma yake, 1905 hadi 1907, watu wa kusini walikuwa wamekufa kwa maelfu katika Maji Maji wakipigania ardhi yao wenyewe. Hao ndio waliopigania nchi yao. Jiwe la pale mjini halikuchongwa kwa ajili yao.

Na kabla ya askari huyu, zama za Wajerumani, jiji hili lilikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao, na chini yake mwanajeshi Mwafrika akimtazama bwana juu. Waingereza waliiondoa. Ikaishia Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu. Na mnajua nani aliiangusha? Wanafunzi. Vijana wa Kijerumani, mwishoni mwa miaka ya 1960, waliifunga kamba wakaivuta chini. Watoto wa ile ile nchi ya baba! Kila nikikumbuka hilo napata nguvu. Walipenda kwao kiasi cha kumkatalia baba.

Wajerumani wenyewe hata leo neno hilo huwakwama kooni, kwa yale yaliyofanywa kwa jina lake. Mwaka 2018 ofisa wa serikali yao anayeshughulikia usawa wa jinsia alipendekeza litolewe kwenye wimbo wa taifa, serikali ikakataa. Jirani zao Waaustria walikuwa wameshagusa wao: tangu Januari 2012 wimbo wao, uliokuwa ukisifu wana wakuu wa kiume peke yao, unataja mabinti pia.

Sasa niwapeleke nyumbani. Niwapeleke kwa baba.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alifika Dar mwaka 1973 na akakaa Temeke miaka 38. Alizikwa Mbinga. Mnaijua safari hiyo. Sijui kama kuna nyumba katika jiji hili isiyoijua. Daftari la michango juu ya meza, jina na kiasi, jina na kiasi. Basi dogo limeondolewa viti vya nyuma ili jeneza lipite. Morogoro, Mikumi, Iringa. Alfajiri tulisimama Makambako, baridi inapenya mifupa, shangazi akavua kitenge chake cha mabegani akalifunika jeneza. Akasema, "Kaka hajazoea baridi siku hizi." Kisha Njombe, Songea, na mchana ule tukaingia Umatengo, milima ile yenye ngoro, mashimo ya kilimo yaliyopangwa kama matundu ya sega la asali.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Baba mkubwa akashika udongo, akasema: "Tumemrudisha kwao." Na mimi niliyelia njia nzima, hapo nikatulia. Nililiamini neno lile. Naliamini hata leo.

Lakini mama yangu alikuwa amesimama nyuma, peke yake, anakunja na kukunjua leso.

Tulipoanua matanga, ukoo ukakaa kikao. Mashamba ya kahawa yakagawiwa watoto wa kiume. Nilipouliza kuhusu mimi, nikaambiwa kwa upole kabisa, bila ubaya wowote, "Binti yetu, kwenu ni kwa mumeo." Na mama? "Mama kwao ni Matombo." Miaka 37 ya ndoa! Katika nchi ya baba, mama yangu alikuwa mgeni aliyekawia kuondoka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilikuwa imeshasema tangu mwaka 1999 kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Katika kikao kile hakuna aliyeitaja, na mimi msomi nisiyeshiba vitabu sikuwa naijua.

Miezi mitatu baadaye tukaenda Matombo, Uluguru, kuwasalimia wajomba. Mjomba mkubwa akanitembeza kwenye migomba, akaninyooshea kidole mpaka wa shamba. "Hapa ni kwenu." Nikamwambia, mjomba, mimi ni Mmatengo. Akacheka, akanishika bega. "Nani kakudanganya? Mtoto ni wa ukoo wa mama yake." Kwa Waluguru ardhi hushuka kwa upande wa mama. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuhitaji kunishawishi.

Mmeona? Nchi moja, bendera moja, kitambulisho kimoja. Ukipanda milima ya kusini ni nchi ya baba. Ukipanda milima ya Morogoro ni nchi ya mama. Nimetafuta lugha ya Ulaya inayoweza kubeba yote mawili bila mmoja kumsukuma mwenzake, sijaipata.

Ndipo nikalisikia upya neno ambalo nimelisema kila siku ya maisha yangu. Kwetu.

Hebu litamkeni pamoja nami. Kwetu. Baba yumo? Hayumo. Mama yumo? Hayumo. Aliyemo ni nani? Ni sisi! Na wanafunzi wa lugha, hapa ninawaomba mtege sikio. Ukisema "karibu kwangu", umemkaribisha mtu wapi? Kwenye nyumba yako, pengine kwenye chumba kimoja cha kupanga. Lakini ukitaka kusema ulikotoka, unaweza kusema kwangu? Yatima asiye na ndugu hata mmoja duniani, ukimuuliza, atakwambia "kwetu ni Kilwa". Kwetu, na yuko peke yake. Kiswahili hakikuacha mlango wa mtu mmoja kuimiliki asili yake.

Kuna zaidi. Lugha yetu ina viambishi vitatu vya mahali. Pa- ni mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole. Mu- ni ndani. Ku- ni mahali papana, pasipo na kigingi cha mpaka. Asili yetu tumeiweka kwenye ku-. Wahenga waliposema mkataa kwao ni mtumwa, hawakusema mkataa baba. Walisema kwao.

Basi yule askari wa Kijerumani nilimfanyia nini? Nilijaribu kumpa "kwetu". Sentensi ikapendeza, ikatiririka. Nikaitazama usiku kucha, asubuhi nikaifuta. Mtu yule alivuka bahari akiwa na bunduki kuwanyang'anya watu kwao, huku akililia kwake. Nikamwandikia "nchi ya baba zangu". Ni yake, akae nayo. Kwetu sikumpa.

Lakini ndugu zangu, tusijisifu mapema. Neno tunalo pana, na sheria zetu bado zina sura ya baba. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilivyoandikwa, mwanamke mgeni akiolewa na Mtanzania anayo njia ya kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamume mgeni akimwoa Mtanzania, kifungu hicho hakimhusu. Rafiki yangu ameolewa na Mmalawi. Wana watoto, wana nyumba, wana kiwanja cha kuzikana wamekinunua pamoja. Kila mume anapokwenda kushughulikia kibali, rafiki yangu hukaa barazani na simu mkononi mpaka arudi. Je, yeye kwao si hapa? Na kama ni hapa, kwa nini hawezi kusema "kwetu" akamhesabu na mumewe?

Nimalizie na usiku mmoja. Tarehe 24 Machi 2019, Uwanja wa Taifa, ambao sasa tunauita wa Mkapa, Taifa Stars na Uganda. Miaka 39 tulikuwa hatujacheza fainali za Afrika, tangu 1980. Bao la kwanza, Msuva. La pili, penalti ya Nyoni. La tatu, Aggrey Morris. Pembeni yangu alikaa mzee mwenye baraghashia na redio ndogo sikioni, ingawa mpira ulikuwa mbele yake. Aliniambia mwaka 1980 mechi za Lagos alizifuatilia kwa redio, akiwa kijana, na hakudhani atasubiri mpaka ndevu ziwe nyeupe. Filimbi ya mwisho ilipolia alinikumbatia kama mtoto wake, redio ikanigonga shavuni, na alikuwa analia.

Tulitoka na umati. Vuvuzela, vijana juu ya magari, watu wakipiga kelele "Bongo! Bongo!", jina tuliloipa nchi wenyewe mitaani, kutokana na ubongo, kwa kuwa hapa usipotumia akili huishi. Hakuna waziri aliyelitunga na hakuna aliyelipinga. Yule mzee akatembea nami taratibu kwenye giza. Kisha akaniuliza, kama mnavyojua angeniuliza.

"Na wewe binti yangu, kwenu wapi?"

Mbinga ilikuja mdomoni. Matombo ikaja. Nikatazama taa za mtaa niliozaliwa, ng'ambo ya barabara.

"Temeke, mzee. Hapa hapa."

Akanyamaza hatua kadhaa. "Mimi baba yangu alitoka Kigoma," akasema. "Nimezaliwa Keko." Akaihamishia redio mkono mwingine. "Basi twende, njia ni moja."

Nilipofika nyumbani mama alikuwa macho, amekaa mlangoni kwenye mkeka, hajawahi kutazama mpira hata siku moja. Alisikia hatua zangu akaita kutoka gizani:

"Tumeshinda?"

Asanteni kwa kunisikiliza.